Hogo limetoka, mkono haukunji: fizio, mazoezi ya nyumbani au mkandaji?

Siku hogo, yaani plasta ngumu ya kushikilia mfupa uliovunjika, linapokatwa, wengi hutegemea kutoka hospitali na mkono wao wa zamani. Wanachotoka nacho ni mkono mwembamba, ngozi inayobanduka magamba, vidole vilivyovimba kidogo, na kifundo cha mkono kilichokakamaa hata kiganja hakigeuki kupokea chenji. Daktari ameangalia picha akasema mfupa umeunga vizuri. Mwenye mkono anajiuliza umeunga wapi, mbona kushika kikombe tu ni shughuli?

Mfupa una ratiba yake na mkono una ratiba yake. Mfupa unaovunjika mara nyingi ni ule wa upande wa dole gumba, karibu na kifundo, pale mtu anapoteleza bafuni au kutupwa na bodaboda akajikinga kwa kiganja. Kwenye cheti huenda ukaona neno Colles. Huyo ni Abraham Colles, daktari mpasuaji wa Dublin aliyeueleza uvunjikaji huu mwaka 1814, miaka zaidi ya 80 kabla ya eksirei kugunduliwa. Kwa kawaida mfupa huu hukaa kwenye hogo wiki tano au sita. Kukunja na kunyoosha kifundo hurudi kwa sehemu kubwa ndani ya miezi mitatu hadi sita. Nguvu ya kubana huendelea kupanda hadi mwaka, na kwa wengine hupita hapo. Kwa hiyo anayelalamika wiki ya nane kwamba mkono haujarudi, hajachelewa. Ndiyo kwanza ameanza.

Wiki hizo za mwanzo ndizo familia hugawanyika. Mmoja atasema rudi hospitali ukafanyiwe fizio, yaani tiba ya mazoezi kwa mtaalamu wake, ambaye naye huitwa fizio. Kijana wa nyumbani atasema mazoezi yote yapo kwenye simu, nauli ya nini. Na hakosi shangazi anayemjua mzee fulani mwenye mikono ya baraka, akikukanda mara mbili tu unapona. Nimeziweka njia hizo tatu pamoja. Msimamo wangu sitauficha: kazi kubwa hufanyika nyumbani, fizio ni wa kufundisha, kupima na kuona hatari mapema, na mkandaji ana nafasi ndogo kuliko anayopewa.

Fizio ya hospitali

Fizio ana kitu ambacho wengine hawana: kipimo. Anaweka rula yake ya pembe kwenye kifundo, anakuambia kunja, nyoosha, geuza, na kila digrii anaiandika kwenye faili. Ukirudi anapima tena. Mgonjwa aliyekuja akilia kwamba hakuna kilichobadilika anaonyeshwa kwamba kifundo kilichokuwa kinainuka digrii 20 sasa kinainuka 35. Mwenye mkono hawezi kuona tofauti hiyo kwa macho, maana anaamka nao kila siku.

Cha pili ni kujua asiguse nini. Mkono uliovimba ukawa wa moto unatendewa tofauti na mkono mkavu uliokakamaa. Kifundo kinachogoma kwa sababu ya ngozi na misuli iliyojikunja kinaweza kuvutwa taratibu. Kinachogoma kwa sababu mfupa uliunga ukiwa umepinda hakitafunguka kwa kuvutwa, hata umvute mtu hadi azimie. Mwenye picha ya eksirei mkononi na mafunzo kichwani ndiye anayeweza kutofautisha hayo mawili.

Huduma hii ipo hospitali kubwa kama MOI, taasisi ya mifupa pale Muhimbili, KCMC Moshi, Bugando Mwanza, Mnazi Mmoja Unguja na Kenyatta Nairobi, na hospitali nyingi za mikoa na kaunti zina chumba cha mazoezi hata kama ni kidogo. Baadhi ya hospitali zina pia idara ya tiba kwa kazi, ambako utapewa kufunga vifungo, kushika kalamu na kumenya viazi. Ukitumwa huko usidhani umedharauliwa. Kwa mkono, hiyo mara nyingi ndiyo idara yenyewe.

Kasoro zake zinajulikana: nauli, foleni, na kuomba ruhusa kazini. Kuna nyingine isiyosemwa sana. Kikao ni nusu saa, mara moja au mbili kwa wiki, na wiki ina saa 168. Anayekwenda kikao kisha akirudi nyumbani anautunza mkono kifuani kana kwamba ni yai, amelipia nusu saa tu. Na wapo wahudumu ambao kikao chao ni taa ya joto, kisha "njoo Alhamisi". Ukiwekewa taa bila kupimwa na bila kufundishwa zoezi hata moja la kufanya nyumbani, uliza. Joto linalainisha, lakini kinachokunja kifundo ni kukikunja.

Mazoezi ya nyumbani

Utafiti unaipa njia hii heshima kuliko watu wanavyoipa. Mapitio ya mwaka 2015 ya Cochrane, mtandao wa watafiti wanaochambua majaribio ya tiba, yalikusanya majaribio 26 yenye watu 1,269, wengi wao wanawake wenye umri mkubwa, na hayakupata ushahidi wa kutosha kusema aina fulani ya tiba ya mazoezi inaishinda nyingine. Ujerumani, utafiti uliochapishwa mwaka 2009 uliwagawa wagonjwa waliowekewa sahani ya chuma ya kushikilia mfupa: kundi moja lilihudhuria vikao vya fizio, jingine likapewa kijitabu cha mazoezi na kuambiwa lifanye nyumbani. Baada ya wiki sita wa kijitabu walikuwa mbele, kwa kubana na kwa kukunja. Lakini usisome hapo kwamba fizio hana kazi. Wale walipewa kijitabu na wakaonyeshwa, hawakuachwa waokoteze video.

Kinachofanya nyumbani kushinde ni marudio. Dakika tano hadi kumi, mara tano au sita kwa siku, zina faida kuliko saa nzima ya mateso Jumamosi. Chovya mkono kwenye beseni la maji ya uvuguvugu kwanza, ufanyie humo humo ukipenda. Mkono ukiwa umevimba na una joto, acha maji ya moto. Uinue juu ya usawa wa moyo na uchezeshe vidole.

Anza na vidole, kabla hata ya kifundo. Vinyooshe vyote, vikunje fundo la kati na la ncha tu, kisha vikunje kwenye shina vikae kama meza, kisha ngumi kamili, kisha vitanue. Dole gumba liguse ncha ya kila kidole mpaka cha mwisho. Aliye bado ndani ya hogo anatakiwa kuwa anafanya haya tangu siku ya kwanza, na hogo likipita mstari wa kiganja likazuia ngumi, arudi lipunguzwe. Mikono inayochelewa kuliko yote niliyoiona ni ile iliyotoka kwenye hogo na vidole vigumu, kwa sababu mwenyewe aliogopa kuvichezesha. Bega nalo lisisahaulike. Wiki sita za kitambaa shingoni zinatosha kulifunga.

Kifundo chenyewe: egemeza mkono mezani, kiganja kikining'inia ukingoni, ushushe na uinue. Kisha unganisha viganja kifuani, ushushe viwiko viende pembeni, ukae hapo ukihesabu taratibu mpaka thelathini.

Kinachochelewa zaidi ni kugeuza kiganja kitazame juu. Ndicho cha kupokea chenji, kuteka maji ya kunawa uso, kula wali kwa mkono, kubeba sinia. Hapa watu hujidanganya bila kujua, kwa kuinua kiwiko na kupinda kiuno, wakidhani kiganja kimegeuka. Bana kiwiko ubavuni, hata uweke kitambaa kwapani na usikiangushe. Shika mwiko katikati, mwiko usimame wima kama mshumaa. Geuza. Mwiko ukilala sambamba na sakafu, umefika. Ukibaki umeinama nusu, hapo ndipo ulipo leo, na nduguyo akupige picha kwa simu. Picha moja kila wiki, mahali pale pale, ni kipimo cha kutosha kwa asiye na rula ya fizio. Baadaye, mfupa ukishakubaliwa kubeba, badala ya mwiko shika nyundo kwa kuanzia karibu na kichwa chake, kisha siku zinavyokwenda ushuke kwenye mpini. Kadiri unavyoshuka ndivyo uzito unavyovuta.

Kwa nguvu ya kubana usikimbilie mpira wa tenisi, ni mgumu mno kwa mkono wa wiki ya kwanza. Sponji ndani ya beseni inatosha, kisha kukanda unga wa chapati, kisha kukamua kitambaa. Kukamua suruali ya jinzi ni mtihani wa mwisho. Mama asiyeweza miezi mitatu baada ya hogo asijilaumu.

Sujudu nayo inahitaji neno lake, maana kijitabu kutoka Ulaya hakitaitaja. Shughuli nyingi za nyumbani hutaka kifundo kikunjike na kunyooka digrii 40 hivi kila upande. Kusujudu, na hasa kuinuka kwa kujisukuma na viganja, kunadai karibu mara mbili ya hapo, tena na uzito wa mwili juu yake. Ndiyo maana mtu anaweza kuwa amerudi kupika, kushona na kuendesha gari, na bado kwenye mswala akaumia. Katika miezi mitatu ya mwanzo asiulazimishe mkono kubeba uzito. Asali kwenye kiti, au aweke uzito kwenye mkono mzima. Dini imempa mgonjwa ruhusa na daktari hana ugomvi nayo. Akishapewa idhini ya kuuegemea, aanze kwa kuegemea ukuta, kisha meza, kisha kitanda, na sakafu iwe ya mwisho.

Maumivu yapo, na kipimo chake ni muda. Yakitulia ndani ya nusu saa, zoezi lilikuwa la haki. Yakikulaza macho, au asubuhi ukaamka na uvimbe zaidi ya wa jana, ulizidisha, punguza.

Udhaifu wa njia hii ni binadamu. Wiki mbili za kwanza kuna ari, ya tatu kuna wageni, ya nne msiba, na mkono unabaki pale pale. Tena ukiwa peke yako huna wa kukuambia kwamba tatizo si uvivu bali kuna jambo lingine.

Mkandaji

Nimekaa pembeni ya mama yangu mdogo, Tanga, wakati bibi mmoja mwenye jina pale mtaani akimkanda kifundo wiki ya pili baada ya hogo. Mafuta ya nazi yaliyopashwa moto, mikono milaini, mazungumzo mazuri. Alipofika kwenye kifundo akakishika kwa mikono miwili.

"Vumilia, mwanangu. Hapa pamefunga, mpaka palie ndipo patafunguka."

"Bibi, taratibu, naumia."

"Kuumia ndiko kupona. Ukimsikiliza daktari utabaki na mkono wa kijiti."

Akavuta. Mama mdogo akapiga kelele, na kesho yake vidole vilikuwa vimevimba hata pete ya fedha ikazama kwenye nyama.

Simsemi yule bibi kwa ubaya. Alikuwa na vitu ambavyo chumba cha fizio mara nyingi hakina: muda, kumgusa mgonjwa bila haraka, kumsikiliza. Kuchuliwa taratibu kwa mafuta kuanzia vidoleni kuelekea kwenye kiwiko hupunguza uvimbe, na ngozi iliyokaa wiki sita gizani inafurahi. Mkono unaoogopa kuguswa unazoea kuguswa tena. Hayo ni manufaa ya kweli, na fizio mzuri naye huyafanya.

Shida ni ile imani ya kulazimisha. Kifundo kilichokakamaa kina uvimbe ndani. Ukikivuta kwa nguvu unachokoza uvimbe, mgonjwa anaogopa, anauficha mkono, na unakakamaa zaidi ya ulivyokuja. Ukivutwa mapema mno, mfupa ambao haujakomaa unaweza kusogea. Na hatari kubwa kuliko zote hutokea kabla ya hogo, mtu anapokwenda kwa fundi wa mifupa akafungwa mabanzi na kamba iliyokazwa. Mkono unavimba, damu inashindwa kupita, na madaktari wa nchi nyingi za Afrika wameandika juu ya wagonjwa, watoto wakiwemo, waliofikishwa hospitali vidole vimeshakuwa vyeusi na mkono ukakatwa. Vidole vikifa ganzi, vikipoa au vikibadilika rangi ndani ya kitu chochote kilichofungwa, kiwe banzi au hogo la hospitali, kifunguliwe siku hiyo hiyo.

Kwa hiyo mkandaji, kama unamtaka: mkono wa juu, bega, shingo, mafuta na mkono mwepesi. Kifundo kisivutwe, kisilizwe, kisikanyagwe. Akikataa masharti hayo, mshukuru na uondoke.

Zikiwekwa ubavu kwa ubavu

Kwa gharama, nyumbani ni bure, ukitoa sponji na mwiko ulio nao tayari. Fizio wa hospitali ya umma huwa nafuu kwa kikao, lakini nauli huzidi ada kwa wa mbali. Ukiwa na bima uliza mapema inalipa vikao vingapi. Mkandaji huonekana rahisi, ila hana tarehe ya kukuambia umemaliza, na "njoo tena Ijumaa" zikikusanywa ni hela.

Kwa marudio hakuna wa kushindana na nyumbani. Kwa usalama fizio yuko mbele, nyumbani inafuata kama ulionyeshwa, mkandaji yuko nyuma kwa mbali. Kwa faraja, nakiri, mkandaji anawashinda wote wawili.

Watu huuliza pia kama aliyewekewa vyuma anaepuka haya. Haepuki. Aliyewekewa sahani na skrubu huanza kukunja kifundo mapema, na miezi ya mwanzo huwa mbele. Mwaka ukiisha pengo hupungua sana, hasa kwa wazee. Uingereza, jaribio la DRAFFT2 lililochapishwa mwaka 2022 liliwafuatilia watu 500 ambao mifupa yao ilirudishwa mahali pake chini ya ganzi au usingizi, wengine wakashikiliwa kwa nyaya, wengine kwa hogo peke yake. Baada ya miezi 12 mikono ya makundi yote mawili ilikuwa sawa, ingawa kama mtu mmoja kati ya wanane wa hogo alihitaji operesheni baadaye kwa sababu mfupa uliteleza. Aliye na nyaya zinazochomoza nje ya ngozi asichovye mkono kwenye beseni mpaka zitolewe, afanye mazoezi makavu ya vidole.

Nani aende wapi

Mkono ambao vidole vinafunga ngumi, uvimbe unapungua na kila wiki kuna kitu kipya unachoweza, huo ni wa nyumbani. Nenda kwa fizio mara ya kwanza ufundishwe na kupimwa, rudi baada ya wiki tatu nne, kisha tena. Ziara chache zilizoachana zinatosha wengi.

Mkono ambao baada ya wiki tatu za mazoezi ya kweli haujasogea, au wa fundi cherehani, seremala, mwanamuziki, yeyote anayekula kwa mkono huo, huo uwe wa fizio kila wiki.

Na kuna mkono usiokwenda kwa fizio wala kwa mkandaji bali kwa daktari, tena bila kungoja tarehe ya kliniki. Maumivu ya kuunguza yasiyolingana na jeraha, ngozi inayong'aa, inayobadilika rangi, inayotoka jasho upande mmoja, na mtu hataki hata shuka liguse: hiyo ni hali ya neva kuvurugika, na ikishikwa mapema inatibika vizuri zaidi. Ganzi ya dole gumba, kidole cha shahada na cha kati inayokuamsha usiku: neva imebanwa kifundoni.

Ya mwisho hupitwa na wengi kwa sababu haina maumivu makubwa. Laza kiganja mezani, vidole vyote vimetulia, kisha inua dole gumba peke yake kuelekea dari. Kama jana liliinuka na leo halinyanyuki, kano yake, ile kamba ya msuli inayolivuta, imekatika. Hutokea wiki chache baada ya kuvunjika, hata kwa mfupa uliopasuka kidogo tu bila kusogea, kwa sababu kano hupita juu ya mfupa hapo hapo na kusagika. Hakuna zoezi wala mafuta yatakayoiunga. Hurekebishwa kwa operesheni ndogo.

Mwanamke aliyepita umri wa hedhi na akavunjika kwa kuanguka tu kutoka usawa wa kusimama, amuulize daktari pia kama mifupa yake imekuwa myepesi na dhaifu. Kifundo mara nyingi huwa cha kwanza, na nyonga hufuata miaka ya mbele.

Ukienda kliniki chukua picha zote za eksirei, ya siku ya kwanza na ya mwisho, na ile picha ya mwiko kwenye simu. Uliza mambo matatu kabla hujatoka: mfupa umekaa ulivyokuwa au umepinda kidogo, naruhusiwa kubeba kilo ngapi sasa, na lini naweza kuegemea kiganja. Majibu yaandikwe kwenye cheti. Mkandaji akidai kifundo kivutwe, msomee.